Mofingi kwa Kiswahili: picha inabadilika, inageuka au "inamofu"?

Swali: "Mwalimu shikamoo. Mjomba karudi kutoka Ujerumani kaniletea kompyuta yake ya zamani, Amiga 1200, bado inawaka vizuri, na ndani kuna programu ya mofingi, ile ya sura moja kuingia kwenye nyingine kama video ya Michael Jackson ya 1991. Nataka niwaandikie wenzangu maelekezo ya kuanza. Nimeandika 'weka picha mbili halafu bonyeza ili picha ibadilike', mmoja kaniambia sema 'igeuke', mwingine anasema andika tu 'kumofu'. Nani yuko sawa?"

Marahaba. Wa "igeuke" ndo yuko karibu, ila bado hajafika.

Ukisema picha imebadilika, msomaji anajua tu kwamba haiko kama ilivyokuwa, pengine rangi imepauka, pengine umeikata pembeni, basi. Kugeuka kunaenda mbali zaidi, kitu kinaacha kuwa kile na kinakuwa kingine kabisa, ndo maana kwenye hadithi za bibi zetu jini hakubadilika paka, aligeuka paka, na kama alifanya kwa hiari yake alijigeuza, na yule binti aliyelaaniwa aligeuzwa. Mzizi ni ule ule, geu, ambao uko hata kwenye kigeugeu, na mkia wa neno ndo unakwambia nani kafanya kazi. Kwa hiyo wewe unageuza, picha inageuzwa, na anayetazama anaona sura inageuka, usiyachanganye haya matatu kwenye maelekezo manake mtu atashindwa kujua hapo abonyeze kitu au asubiri.

Sasa shida iko jikoni. Mama akikwambia geuza chapati hategemei iwe andazi, anataka upande wa pili uive. Ukiandika "geuza picha" ukaishia hapo, wengi wataipindua juu chini au watatafuta kitufe cha kuizungusha. Dawa ni ndogo tu, maliza sentensi: geuza picha ya kwanza iwe ya pili. Au ikiwa unaeleza kinachoonekana: sura ya mtoto inageuka kuwa ya babu.

Kuhusu "kumofu", kukopa sio kosa, tunasevu na tunaskani kila siku. Ila mofu tayari ina mwenyewe, wanaisimu wanaitumia kwa vile vipande vinavyojenga neno, tu-me-geu-z-w-a hapo kuna mofu sita, na wanafunzi wa sekondari wanakutana nayo kwenye somo la Kiswahili. Chanzo ni kimoja, neno la Kigiriki la umbo, lakini mtu akisoma "mofu ya picha" atakwama. Na nomino usichukue mageuzi, hiyo imeshabebwa na siasa, sisi tuliokuwepo Tanzania 1992 vyama vingi vilipoingia (mwaka huo huo Amiga yako ilitoka!) tukisikia mageuzi tunaona bendera na mikutano. Mgeuko inatosha, "mgeuko wa fremu 20", yaani picha 20 zinazofuatana kutoka sura ya kwanza hadi ya pili.

Halafu kuna kitu nataka sana wenzako wakielewe, manake ndani ya mgeuko kuna kazi mbili na Kiswahili kina neno kwa kila moja. Kuna kuvuta, yaani macho, pua, masikio ya picha ya kwanza yanavutwa kidogokidogo kwenda yalipo ya picha ya pili, na kuna kufifisha, picha ya kwanza inafifia huku ya pili inajitokeza. Mtu akifanya kufifisha peke yake, katikati hapati sura, anapata sura mbili zimepandana, macho manne, mdomo juu ya kidevu. Zile nukta unazoweka kwenye kona za macho na midomo ndo zinaiambia programu ivute nini kipeleke wapi, kwa hiyo usiandike "weka alama", andika "weka nukta kwenye jicho, kisha nukta yake mwenza kwenye jicho la picha ya pili".

Na wasianze na fremu nyingi. Picha ya 320 kwa 256 yenye rangi 256 inakula baiti 81,920, fremu 20 ambazo hazijabanwa ni kama milioni 1.6, na hiyo mashine ilitoka kiwandani na megabaiti 2 tu kwa kila kitu.

Hapo uliposema kompyuta "ya zamani" umepatia, "kuukuu" ingekuwa kuionea, kuukuu ni kitu kilichochakaa na yako inawaka.

Sentensi yako ningeiandika hivi: "Chagua picha mbili zenye ukubwa sawa, nyuso zikiwa zimetazama upande mmoja. Weka nukta kwenye macho, pua na mdomo wa kila picha. Chagua fremu 10, halafu bonyeza ili picha ya kwanza igeuzwe iwe ya pili, na uiache ifanye kazi, inachukua muda."