Mzee ana chokaa kwenye mishipa ya moyo: lazima apasuliwe kifua?

Waalaykum salaam, dada wa Chake Chake. Si lazima baba apasuliwe, ila msiukatae upasuaji mapema: mishipa mitatu ikiziba kwa mwenye kisukari, mara nyingi ndio bora. Njia nyingine ni ya mrija mwembamba, ambao mara nyingi hupitia mkononi hadi moyoni ili kuweka stenti, yaani kibomba cha wavu kinachouacha mshipa wazi. Chokaa ngumu huizuia stenti isitanuke sawasawa, kwa hiyo kwanza husagwa kwa kekee ndogo mno yenye chembe za almasi, au huvunjwa kwa puto linalotoa mawimbi ya mshindo, lililoidhinishwa Marekani 2021 kwa mishipa ya moyo. Ulizeni Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, Dar es Salaam, kama vifaa hivyo vipo. Figo zipimwe kwanza. Dawa inayodungwa ili mishipa ionekane kwenye picha huzielemea. Nakusihi, akishawekewa stenti asiache aspirini wala klopidogreli, dawa za kuzuia damu isigande, bila ya ruhusa ya daktari, hata akijiona mzima.