Bibi harusi wa kipupwe: maswali yenu ya msimu huu

Kusi limeshika, maji ya bomba asubuhi yanauma, na maharusi wa Julai na Agosti wameniandikia kwa wingi. Maswali ya "krimu gani inang'arisha haraka" yamekuwa mengi kuliko yote. Nimeyajibu kwa pamoja hapo katikati, tafadhali msiparuke.

*Shikamoo Somo. Tangu Juni ianze mikono na miguu inapauka saa mbili tu baada ya kuoga, hata nikijipaka losheni. Harusi ni wiki tano zijazo. Nibadilishe losheni? Bibi harusi wa Tabata.*

Marahaba mwanangu. Kabla ya losheni, tuanze bafuni. Hewa ya kipupwe ni kavu, halafu wengi wenu mnaoga maji yanayofuka moshi na kujisugua kwa dodoki na sabuni ya kipande. Mafuta ya ngozi yote yanaishia kwenye mfereji. Oga maji ya vuguvugu, usikawie, na sabuni iishie kwapani, sehemu za siri kwa nje na miguuni. Jifute kwa kubonyeza taulo, usikwangue. Ngozi ikiwa bado ina unyevu jipake palepale, kabla hujajibu simu ya mwenyekiti wa kamati.

Losheni nyingi ni maji mengi na mafuta kidogo. Msimu huu tumia krimu nzito, na juu yake mafuta ya mgando kwenye viwiko, magoti na visigino. Usiku paka visigino kwa wingi kisha vaa soksi za pamba. Ukifanya hivyo kila siku bila kuruka, hata magaga yatakuwa yamelainika kabla ya send-off.

*Ndimu na magadi usoni vinaondoa madoa?*

Hapana. Nimeshalijibu swali hili mara nyingi mno. Ndimu ikikutana na jua inaunguza ngozi na kuacha baka jeusi, na baka hilo linakaa miezi.

*Somo, dada wa dukani Kariakoo amenichanganyia krimu kwenye kikopo cheupe kisicho na jina. Siku kumi tu nimetakata na kuwa laini kama mtoto, ila nikipita juani uso unawaka moto. Niendelee mpaka harusi, mwanzoni mwa Agosti?*

Acha leo. Huo ni mkorogo. Ulaini unaousifia ni ngozi inayokonda, na huo moto ni ngozi iliyokwisha kukosa kinga.

Mara nyingi ndani ya vikopo hivyo mna kitu kimoja au zaidi kati ya hivi: haidrokwinoni (kemikali ya kung'arisha ngozi), zebaki, na dawa za steroidi kama clobetasol au betamethasone, ambazo daktari huziandika kwa ugonjwa maalumu na kwa muda mfupi. Steroidi inapunguza unene wa ngozi, inaleta michirizi na chunusi, na kidonda kinachelewa kupona. Siku ukihitaji upasuaji wa uzazi, hiyo ndiyo ngozi itakayoshonwa. Zebaki inaharibu figo na inamfikia mtoto aliye tumboni. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini kwetu, na tangu 2019 anayesimamia vipodozi ni TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Lakini kikopo kisicho na jina hakina hata mahali pa kubandika nembo ya mtu yeyote.

Niliwahi kumpamba binti mmoja Mwananyamala asubuhi ya harusi yake. Alikuwa amepaka krimu ya aina hiyo miezi minne. Nilipoweka faundesheni ilijikunja mashavuni kama rangi kwenye ukuta wenye unyevu, na chini yake vimishipa vyekundu vilionekana vimetapakaa. Vidole vilikuwa vyeusi kwenye viungo, kama mnavyovijua nyote. Alilia, mama yake akalia, na mimi sikuwa na brashi ya kuficha kitu kile.

Wewe wa siku kumi una bahati. Rudi kwenye sabuni laini na krimu isiyo na manukato, na ukitoka mchana jikinge na jua. Jua la kipupwe halichomi mwilini lakini linafanya kazi yake ileile. Wale waliotumia kwa miezi wasikatize kwa kubahatisha, kwa sababu uso unaweza kulipuka vipele na wekundu ndani ya siku chache. Nendeni kliniki ya ngozi, pale Muhimbili au kwa daktari wa ngozi aliye karibu nanyi, na mbebe kikopo mkononi.

Na nyie mama na mashangazi mnaomwambia binti "jitakatishe kidogo kabla ya picha", nawaomba mkome. Mchumba amemchagua na rangi yake.

*Mchoraji wangu wa hina anasema piko nyeusi inakolea kwa saa moja. Je, ni salama?*

Hina ya kweli haiwi nyeusi. Inaanza na rangi ya chungwa, halafu siku moja au mbili baadaye inaiva kuwa hudhurungi. Kinachokolea saa moja ni dawa ya kupaka nywele, yenye kemikali iitwayo PPD. Inaweza kukutoa malengelenge kufuata ua lote lililochorwa, tena siku kadhaa baadaye, ukiwa fungate. Ikikudhuru mara moja, hutapaka tena rangi ya nywele kwa amani maisha yako yote. Mwambie akukorogee hina mbele yako.

*Naweza kufanyiwa singo (kusuguliwa mwili kwa karafuu na manukato) kama nina chunusi?*

Mwilini, ndiyo, na isuguliwe kwa mkono mwepesi. Usoni, hapana: karafuu na manukato yake vitachokoza chunusi zilizoiva. Usoni paka liwa (mti wenye harufu nzuri) iliyosagwa laini kwenye msio, yaani jiwe la kusagia, kwa maji ya waridi, na uijaribu kwanza nyuma ya sikio wiki tatu kabla. Chochote kipya, hata cha bibi yako, kisiguse uso wako ndani ya wiki mbili za mwisho.

*Harusi ni Njombe, Julai. Mpambaji anatoka Dar.*

Mwambie aache poda nyingi nyumbani. Kule ni juu na baridi ya Julai inapasua midomo, kwa hiyo paka mafuta ya mgando mdomoni wiki nzima kabla na uache kuulamba. Fika siku tatu mapema. Usiote moto kwa karibu, unakausha uso. Na jua la milimani ni kali kuliko unavyolihisi, jikinge hata kukiwa na ukungu.

*Mchumba wangu hutoka vipele shingoni akinyoa.*

Anyoe siku mbili kabla, kwa wembe mpya, kufuata nywele zinakoelekea, baada ya kuoga. Asubuhi ya harusi asiguswe na kinyozi.