Jibu: Kwa nini amoksisilini haiui kila bakteria

Ndugu, umeuliza kwa nini mgonjwa wa nimonia ambaye hakupata nafuu kwa amoksisilini alibadilishiwa azithromaisini, ilhali zote ni antibiotiki. Tofauti ipo mahali ambapo kila dawa hushambulia. Amoksisilini, kama penisilini nyingine, huzuia vimeng'enya vinavyounganisha nyuzi za ukuta wa bakteria, hivyo bakteria anayekua hubaki na ukuta dhaifu, maji humwingia na hatimaye hupasuka. Seli zetu hazina ukuta wa aina hiyo, kwa hiyo dawa haina cha kuvunja kwetu. Maikoplazma, bakteria anayeweza kusababisha nimonia, naye hana ukuta kabisa, na hapo amoksisilini haina pa kumshika. Azithromaisini hujishikiza kwenye ribosomu, mtambo wa kutengenezea protini, na kuukwamisha. Doksisaiklini, antibiotiki nyingine, hufanya vivyo hivyo, ila katika sehemu nyingine ya mtambo huo. Wapo pia bakteria wenye ukuta wanaotoa kimeng'enya cha kuivunja amoksisilini, ndiyo maana wakati mwingine huchanganywa na asidi ya klavulaniki, inayokizuia kimeng'enya hicho. Kwa maelezo yako mimi ningeshuku maikoplazma kwanza, ingawa nimonia nyingine husababishwa na virusi, ambavyo havidhuriwi na antibiotiki yoyote.