Mkaa Ukikolea Bado Una Sumu

SWALI: Daktari, shikamoo. Jiko la mkaa huliwashia barazani, na moshi ukishakwisha huliingiza chumbani nikabandika maharage, mlango nikiurudishia kwa sababu ya upepo. Yanapokaribia kuiva kichwa huniuma sana, na mwanangu ninayembeba mgongoni huwa amelegea. Mume wangu anasema ni uchovu tu. Je, mkaa usiotoa moshi una madhara? – Mama wa watoto wawili, Mbagala.

JIBU: Marahaba, mama. Uchovu hauchagui saa ya maharage. Mkaa uliokolea hutoa monoksidi ya kaboni, gesi isiyo na rangi wala harufu, ambayo ikiingia mapafuni huishika himoglobini, sehemu ya damu inayobeba oksijeni, kwa nguvu inayoipita ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hivyo damu hufika kwenye ubongo ikiwa na oksijeni pungufu, na hapo ndipo kichwa huuma, kizunguzungu huja na usingizi mzito hufuata. Waliolala na jiko la namna hiyo chumbani, wengine hawakuamka. Mtoto yuko hatarini zaidi, kwani hupumua haraka kuliko wewe, na mgongoni mwako anavuta hewa ileile unayoivuta ukiinama kufunua sufuria.

Kama kichwa hutulia ukitoka nje na kuanza tena ukirudi ndani, basi shaka imekwisha. Mtoto akilegea tena, toka naye nje mara moja na umpeleke kituo cha afya, na huko ueleze habari ya jiko, maana bila hivyo wanaweza kumtibu malaria.

Hukuuliza habari ya dawa ya mbu ya kuchoma, lakini naitaja kwa kuwa wengi huiweka chini ya kitanda na kufunga madirisha: utafiti uliochapishwa mwaka 2003 ulionyesha kwamba duara moja likiungua lote laweza kutoa chembe laini za moshi sawa na za sigara 75 au zaidi. Chandarua hakitoi moshi wowote.

Upepo wa barazani naujua, hupeperusha majivu hadi kwenye mboga. Hata hivyo lizungushie jiko kikinga cha bati au matofali, upike hukohuko nje mpaka mwisho, wala usiliingize ndani hata likiwa limebaki makaa machache. Maharage yaloweke tangu usiku, yataiva mapema.