Chokoleti kuwa mabonge kabla ya kuchovya vidonge vya karanga

Dada uliyeuliza kwa nini chokoleti uliyokuwa ukiyeyusha imegeuka mabonge: ni maji, wala chokoleti yako si mbovu. Tone moja la mvuke likidondokea kwenye bakuli, au mwiko ukiwa na unyevu, sukari iliyomo inalowa na kunatana, chokoleti yote inakuwa kama udongo. Kuongeza moto kunaiunguza tu. Hiyo uliyonayo usiitupe: tia maziwa ya moto kijiko kimoja kimoja huku unakoroga mpaka ilainike, ila itafaa kumwagia juu ya keki, kwa kuchovya haitashika tena.

Safari nyingine futa bakuli likauke kabisa, liweke juu ya sufuria yenye maji yanayotoa mvuke bila kuchemka, na kitako kisiguse maji. Theluthi mbili zikiyeyuka epua, koroga, zilizobaki zitayeyuka zenyewe.

Kwa gramu 200 weka mafuta ya nazi kijiko kimoja cha chai, basi. Najua wengi wanamimina zaidi ili ing'ae, lakini mafuta ya nazi huyeyuka kwenye nyuzijoto 24 au 25, na kwa joto letu la Tanga hayagandi mchana kutwa. Ganda litabaki laini na kushika vidole. Vidonge navyo viwe vimekaa friji nusu saa. Vikitoka na matone ya unyevu juu, vifute kwanza, maana maji hayo hayo yatakuharibia bakuli zima.