Shemeji anasema Yesu alianzia tumboni mwa Maria, nimjibuje?

Pole ndugu, nimekusoma, shemeji anasema Yesu hakuwepo kabla ya Maria na sasa hapo nyumbani hamuongei. Kwanza muulize anasimamia wapi maana watu wanachanganya sana, Mashahidi wa Yehova wanakubali alikuwepo mbinguni ila aliumbwa, inakaribiana na aliyofundisha Arius, padri wa zamani, mpaka mkutano wa maaskofu huko Nikea wakamkataa mwaka 325, ila Wakristadelfiani, kikundi kidogo cha dini, wao wanasema hakuwepo kabisa isipokuwa kwenye mpango wa Mungu.

Ukishajua kaeni na Yohana 17:5, Yesu anaomba utukufu aliokuwa nao kwa Baba kabla ulimwengu haujakuwepo. Atakwambia ni utukufu uliopangwa tu, sawa, nendeni Yohana 6:38 halafu Wafilipi 2:6-7, na msome sura nzima siyo kurushiana mistari. Mimi naamini alikuwepo na Yohana peke yake inanitosha, ila usimdharau, Luka 1:35 wanayoitegemea wanaosema hakuwepo ni hoja kweli na inataka ujiandae.

Msibishane mbele ya watoto wala kwenye grupu la familia. Na kama ameanza kumtisha dada yako au kumzuia kusali, hiyo siyo mada ya Biblia tena, waite wazee na mchungaji mapema.