Kabla hujapeleka barua Kampala, piga simu

Vijana wanaotaka kuanza kazi ya kupeleka barua na vifurushi hapa Kampala huniuliza kwanza habari za pikipiki. Pikipiki utapata. Kinachosumbua ni anwani. Bahasha imeandikwa jina la kampuni, S.L.P. namba fulani, Kampala, basi. Hilo ni sanduku lililoko posta. Halikwambii ofisi iko mtaa gani wala ghorofa ya ngapi. Kampuni inaweza kuhama Nakasero ikaenda Bugolobi na sanduku likabaki lile lile.

Kwa hiyo usiwashe pikipiki kabla ya kumpigia mpokeaji. Ukimuuliza yuko wapi atakujibu "Ntinda", na Ntinda ni kubwa. Muulize steji ya boda iliyo karibu naye, halafu rangi ya geti. Ukifika steji, salimia ndipo uulize. Wale vijana wanajua nyumba ya muuza chapati na ya daktari wa meno. Sisi Waswahili tusijidai: "ssebo" (bwana) na "nnyabo" (bibi) za Kiganda zikitangulia, hata askari wa getini hulegea.

Huyo askari ndiye wa kuangalia sana. Atakwambia, "Weka hapo, nitampa bosi." Barua inaingia kwenye droo pamoja na chaja na sahani ya posho, yaani ugali, na wiki ijayo bosi anakutafuta wewe. Omba kupita hadi mapokezi. Ikishindikana, aandike jina lake kamili, namba ya simu na saa kwenye kitabu chako, atie sahihi. Mkwaruzo peke yake haukusaidii. Wizarani peleka masjala, ukiwa na nakala ya pili igongwe muhuri, ila si saa saba mchana. Watu wako kwenye chakula.

Barua zifunge ndani ya kaveera, mfuko wa plastiki, hata jua likiwaka. Mvua ya hapa haipigi hodi, na mtaa wa Bwaise hufurika upesi. Mzigo wa miji ya mbali kama Arua au Gulu ukiupakia kwenye basi, andika simu ya mpokeaji kwa kalamu nzito na upige picha risiti.

Na nauli. Mtumaji akikupa namba isiyopatikana ukarudi na bahasha, kwenda tena ni safari nyingine yenye malipo yake. Mwambie hivyo kabla hujaondoka, wakati bado ana haraka barua yake ifike.